Mahitaji ya Mwanamke Aliyepumzika

Katika nchi ambayo jina lake nalihifadhi, maana wakubwa wake hutajwa kwa idhini tu, ulifika mwaka ambao mahindi yalikwisha. Sisemi njaa. Neno hilo lilikuwa limeondolewa katika taarifa za serikali tangu mwezi wa tatu, na aliyekutwa nalo mdomoni alielekezwa kwa upole, mara ya kwanza. Nasema tu kwamba ghala kubwa la taifa, lililofungwa likiwa limejaa siku ya sherehe za mavuno, lilifunguliwa mwezi wa nne likakutwa na panya wawili waliokonda. Iliundwa kamati ya kuwachunguza panya hao. Mmoja alifariki katikati ya mahojiano, na wa pili akaachiwa kwa kukosekana ushahidi.

Hapo ndipo Mheshimiwa Mwinyikombo, aliyekuwa Waziri wa Chakula, alipoonyesha ukomavu wake. Alisimama bungeni akasema:

"Mheshimiwa Spika, tatizo letu si chakula. Tatizo letu ni mazoea. Wananchi wetu wanakula kwa macho. Huyu anataka sahani ijae, yule anataka sufuria ijae. Mataifa yaliyoendelea hayali sahani, Mheshimiwa Spika, yanakula kalori. Na nani humu ndani amewahi kuona kalori? Hakuna. Basi hata zikipungua, ataziona nani?"

Wabunge walipiga meza kwa dakika saba. Siku hiyohiyo Wizara ya Chakula ikawa Wizara ya Kalori, kibao cha mlangoni kikabadilishwa, Waziri akala kiapo upya, na baada ya kiapo akala.

Kazi ya kitaalamu alikabidhiwa Profesa Lugendo, msomi aliyekaa ng'ambo miaka kumi na minne akisomea tumbo la ng'ombe. Alitueleza redioni, kwa lugha nyepesi, kwamba kalori ni moto uliomo ndani ya chakula, na kwamba mwanamume anahitaji kalori elfu mbili na mia sita kwa siku, jambo ambalo halihitaji utafiti kwa kuwa yeye mwenyewe ni mwanamume. Mahitaji ya mwanamke, alisema, bado hayajulikani. Itabidi aulizwe.

Basi makarani wakatumwa nchi nzima na fomu yenye maswali mawili.

Mtaani kwetu, Mtaa wa Kisimani, aliletwa karani Sudi, kijana wa hapohapo, aliyepewa kalamu mbili na kofia. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya Tunu, mke wa Hamdani, mlinzi wa lile ghala. Alimkuta uani anatwanga mihogo mikavu. Mgongoni alikuwa amembeba bintiye Siajabu, wa miezi mitatu. Alikuwa ameshakwenda kisimani mara nne tangu alfajiri, nguo za mama mkwe zilikuwa kwenye beseni, kuni zilikuwa hazijapasuliwa, na watoto wake wawili wakubwa walikuwa wanagombea kandambili moja.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Kaa hapo kwenye kinu kingine. Hapana, hicho kimepasuka, utaanguka serikali itudai."

"Nina maswali mawili tu. La kwanza: unafanya kazi gani?"

Tunu aliusimamisha mchi akacheka. "Kazi? Mimi sina kazi, shemeji. Nipo tu nyumbani."

Sudi akaandika: *Hana kazi. Yupo tu.*

"La pili. Huwa unashiba kwa chakula kiasi gani?"

"Aa, mimi tena! Wakishashiba watoto na baba yao, na mimi nimeshiba."

Sudi akaandika: *Hushiba kwa kuona wengine.*

Upande wa pili wa ua alikuwa Bi Zena, mjane wa miaka sabini, ambaye ulimi wake ulijulikana hadi mtaa wa tatu. Akachomoza kichwa juu ya makuti.

"Tunu, mwambie ukweli huyo! Karatasi haioni haya."

"Bi Zena nawe! Nimwambie mgeni kwamba silali na shibe? Si atasema mume wangu hanilishi?"

"Aseme! Kwani anakulisha?"

"Ananilisha," Tunu akasema, akaendelea kutwanga.

Sudi alipita nyumba mia nne na kumi na mbili. Wanawake mia nne na kumi na wawili walisema hawana kazi, wapo tu nyumbani. Mmoja alilijibu swali hilo akiwa juu ya paa, anaziba mahali panapovuja. Mwingine alikuwa na uchungu wa kuzaa. Na wote, kwa adabu ya malezi ya nchi ile, walisema hushiba watoto wakishiba. Majibu kutoka mikoa yote yalikuwa hayohayo. Profesa Lugendo, alipoyaona, alivua miwani akafuta machozi. Alisema katika utafiti wake wote hajapata kukutana na makubaliano kama haya. Hata ng'ombe walikuwa wakitofautiana.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia mbili, lakini moyo wake ulikuwa ukurasa mmoja, ambao ulibandikwa katika kila ofisi ya kata. Niliusoma mara tatu ili nisikosee. Ulisema kwamba mwanamke wa nchi hii, kwa kauli yake mwenyewe, ni mtu aliyepumzika. Mtu aliyepumzika anahitaji kalori elfu moja na mia tatu, ili moyo upige na pumzi zipande na kushuka. Hapo zitolewe mia moja na ishirini kwa ajili ya kuonja chumvi, maana mpishi huonja. Zitolewe mia moja na thelathini za ukoko, ambao kwa desturi huachiwa mama. Zitolewe hamsini za mvuke anaouvuta akiwa jikoni. Zitolewe mia moja na hamsini za kuona watoto wameshiba. Zinabaki mia nane na hamsini.

Mbunge mmoja mgeni, ambaye hakurudi kipindi kilichofuata, aliuliza: "Na watoto wasiposhiba?"

"Mheshimiwa, hilo ni swali zuri sana," akajibu Profesa. "Linahitaji utafiti mwingine."

*

Kadi zilitoka haraka. Ya Tunu ilimpa unga wa vikombe viwili vya chai kwa siku, na cha pili hakikujaa. Ya Hamdani ilimpa elfu mbili na mia sita kamili, kwa kuwa kulinda ghala, hata tupu, kulipangwa katika kundi la kazi nzito za taifa. Alikaa mlangoni pa ghala hilo kuanzia asubuhi hadi jioni, juu ya kiti, na kwa uzito wa kazi kiti kilitiwa mto.

Hamdani hakuwa mtu mbaya. Jumapili ya kwanza, mchana, walipokaa kula, alimega tonge la ugali akamsogezea mkewe. Sudi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mwezi ule alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Matonge.

"Hamdani, rudisha."

"Nirudishe nini? Ni mke wangu huyu."

"Ni mke wako kwa sheria ya ndoa. Tonge ni lako kwa sheria ya kalori. Uhamishaji wa kalori ni kosa, kifungu cha tisa."

"Sudi! Wewe si nilikuwa nakubeba mgongoni kuvuka mto?"

"Ndiyo maana nakuonya. Mwingine ningemwandika."

Sudi alilichukua lile tonge kuwa kielelezo cha kesi, endapo ingekuwapo. Nasikitika kusema kielelezo hicho hakikufika ofisini.

Wiki ya tatu Siajabu alianza kulia akiwa kwenye ziwa. Alikuwa akinyonya, anaacha, anamtazama mama yake, anarudi tena kunyonya, anaacha. Tunu aliwaza akaona ni jambo la kurekebishwa. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa amejibu vibaya. Akavaa kanga yake nzuri, akambeba mtoto, akaenda Wizara ya Kalori, dirisha la masahihisho.

Bahati yake, siku hiyo Profesa Lugendo mwenyewe alikuwa akipita na kikombe cha chai ya maziwa na sahani ya maandazi, akielekea kwenye kikao cha kubana matumizi.

"Nimekuja kubadili jibu langu, bwana mkubwa. Niliulizwa kazi yangu, nikasema nipo tu nyumbani."

"Na hupo nyumbani?"

"Nipo. Lakini sikupumzika."

"Kwa hiyo ulimdanganya mtumishi wa serikali?"

"Sikudanganya. Ndivyo tunavyosema."

"Mnavyosema akina nani?"

"Sisi wanawake."

"Kwa hiyo mmedanganya wote?" Profesa akaweka kikombe chini, maana sasa jambo lilikuwa zito.

Tunu akaona ataliingiza taifa zima matatani, akaacha habari ya kazi. "Bwana mkubwa, nina mtoto anayenyonya. Maziwa yanakauka."

"Mnyonyeshaji. Vizuri. Unaponyonyesha, unakuwa umesimama au umekaa?"

"Nakaa."

Profesa akamgeukia mtu wa dirishani. "Andika: pumziko mara mbili."

Hata hivyo, ili haki ionekane inatendeka, aliagiza Tunu apimwe kwa mashine mpya kutoka ng'ambo, yenye uwezo wa kujua mtu anatumia kalori ngapi. Aliambiwa akae kwenye benchi la ukumbini asubiri. Alisubiri siku tatu, kuanzia saa mbili hadi saa kumi, mtoto mapajani. Siku ya kwanza alikwenda kujisaidia akagombezwa. Siku ya tatu jioni aliitwa dirishani.

"Tayari."

"Tayari nini? Sijapimwa mimi!"

"Umepimwa. Mashine ile ya ukutani imekutazama siku zote tatu. Umekaa."

Kadi yake ilipigwa muhuri mpya: mia nane na arobaini. Zile kumi zilitolewa kwa sababu ya starehe ya benchi.

*

Mtoto alikuwa amekonda akabaki macho tu. Mama mkwe, aliyekuwa amezoea kulalamikia kila kitu, alinyamaza, na mtaani tulijua maana ya ukimya huo. Ndipo Bi Zena alipowakusanya wanawake kisimani. Walikuwapo kumi waliokuwa wakinyonyesha, na Tunu wa kumi na mmoja.

"Sikilizeni, wanangu. Hapa kila mmoja ana kijiko kimoja cha maziwa. Kijiko kimoja hakikuzi mtoto. Lakini tukimzungusha huyu anayezidiwa, kila saa kwenye nyumba nyingine, atapata vya kutosha hadi atakapoinuka. Nani anaanza?"

Wakatazamana. Si utani kumtoa mwanao kwenye ziwa ukamweka wa mwenzio, mwaka kama ule. Aliyesema ni Salha, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Tunu, mama wa mtoto wa kiume wa miezi mitano.

"Mlete kwangu huyo mnyonyaji. Saa nne asubuhi, ndiyo saa yangu nzuri. Lakini akining'ata, mama yake anitwangie mahindi wiki nzima."

"Mahindi yako wapi?" Tunu akauliza.

"Basi anitwangie hewa! Nataka tu kusikia mchi."

Wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kimekatwa kwenye kadi kwa sababu Profesa hakuwa amekifikiria. Kuanzia kesho yake Siajabu akawa na ratiba. Saa mbili kwa fulani, saa nne kwa Salha, saa sita nyumba ya kona. Haikuandikwa popote. Bi Zena ndiye aliyembeba kutoka mlango hadi mlango, akilalamika kiuno njia nzima. Hakuna nyumba iliyomwongezea kitu kingi, lakini mwezi haukuisha mtoto akaanza kucheka, na baada ya miezi miwili alikuwa na mashavu.

Mashavu hayo ndiyo yaliyomsimamisha Sudi njiani.

"Bi Zena, huyo ni mtoto wa Hamdani?"

"Na wewe ni mtoto wa Mwajuma, niliyemshika mkono akikuzaa. Pita."

Alipita, akaenda moja kwa moja kuandika. Baada ya siku mbili Profesa Lugendo alifika mtaani na mizani ya viazi. Akampima Siajabu, akampima tena, akapiga hesabu kwenye kiganja. Mama ana mia nane na arobaini. Mtoto ananenepa. Nyumba kumi na moja zimehusika. Hakukasirika hata kidogo. Alipiga simu kwa Waziri akisema, na sote tulisikia, kwamba wamegundua mgodi.

Jumamosi likafungwa turubai, vikaletwa viti na vipaza sauti. Mheshimiwa Mwinyikombo alifika na msafara wa magari tisa, akamwita Tunu jukwaani amsimulie mwenyewe. Sisi tuliona uso wa Tunu ukifunguka. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameulizwa mbele ya mtu anayeweza kubadilisha namba.

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, safari hii nasema kweli. Hakuna mwanamke hata mmoja mtaani hapa anayeweza kumnyonyesha mwanawe peke yake akashiba. Ndiyo sababu tumekuwa kumi na mmoja. Tuna njaa, Mheshimiwa. Tunaomba mtuongezee."

Sote tuligeuka kumtazama mkubwa. Kisha Waziri akapiga makofi, na kwa kuwa yeye amepiga, tukapiga.

"Mmemsikia, ndugu wananchi! Kumi na mmoja wametoa maziwa, na wote kumi na mmoja bado wamesimama hapa kwa miguu yao! Kitu hicho kitaalamu kinaitwaje, Profesa?"

"Ziada, Mheshimiwa."

"Ziada! Huku wengine wanasema nchi hii haina akiba. Akiba hii hapa!"

Jukwaani palepale alitangaza kiwango kipya cha wanawake, kalori mia saba, nchi nzima. Na kwa kuwa sheria ni msumeno, wanawake wote kumi na mmoja walipewa hati za kuitwa mahakamani kwa kosa la uhamishaji wa kalori kwa njia ya maziwa.

*

Hapa lazima nimtaje Bi Zena kwa heshima. Katika ujana wake alikuwa mpishi wa gereza la wanawake, na kichwa chake kilikuwa kimetunza jambo ambalo serikali ilikuwa imelisahau.

"Sheria ya magereza haijaguswa," aliwaambia wale kumi na mmoja. "Ya zamani, tangu wakati wa wakoloni. Mfungwa wa kike, kalori elfu moja na mia nane kila siku, na maharage mara tatu kwa wiki. Anayenyonyesha anaingia na mwanawe. Bwana jela akipunguza, anafungwa yeye."

"Elfu moja na mia nane?" Salha akauliza polepole.

"Na maharage."

Siku ya kesi waliingia mahakamani na vibunda vya nguo kichwani, wamesuka nywele, kama watu wanaokwenda harusini. Tunu alikuwa amemvisha Siajabu kofia ya sufu.

Hakimu akauliza: "Mnakubali kosa au mnakataa?"

"Tunakubali!"

"Sijasoma shitaka bado."

"Lolote liwalo, mheshimiwa."

Kufikia saa sita habari ilikuwa imeenea, na nje ya mahakama palikuwa na foleni ya wanawake kutoka mitaa mingine waliokuja kukiri. Mmoja alisema alimpa mama yake uji mwaka juzi. Mwingine alisema hajamhamishia mtu kitu, lakini ananuia, na anaomba nia ihesabiwe. Bibi mmoja alitaka afungwe kwa niaba ya marehemu dada yake.

Hakimu aliitwa kwenye simu. Alikaa huko nusu saa, na aliporudi alikuwa akifuta jasho. Alisema serikali ni ya huruma, na gereza si mahali pa akina mama. Kila mshitakiwa atatumikia kifungo cha miezi sita nyumbani kwake, kwa kiwango cha kalori cha nyumbani. Hatavuka kizingiti ila kwenda kisimani akisindikizwa na askari. Hataingia nyumba ya mwenzake wala mwenzake hataingia kwake.

Tunu alisimama. "Mheshimiwa, na mtoto?"

Hakimu alitazama karatasi. "Mtoto hakushitakiwa. Mtoto ana uhuru wake wote, aende atakako."

"Ana miezi sita, mheshimiwa. Hatembei."

"Hilo si kosa lake wala la mahakama."

"Nitambeba mimi," akasema Bi Zena kutoka nyuma.

"Atakayembeba mtoto huyo kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa madhumuni ya kunyonya atakuwa msafirishaji, na kifungu cha usafirishaji ni kikali zaidi. Na wewe bibi, kwa umri wako, tunakuonya tu. Utaletewa askari wa kukusaidia usisahau."

Wanawake walichukua vibunda vyao wakarudishwa kwa miguu, wawili wawili, kila mmoja mlangoni kwake. Wale wa foleni walitawanywa bila kufungwa, wengine wakilia kwa kunyimwa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Hamdani alikuwa kazini kwenye ghala. Tunu alikuwa amesimama juu ya kizingiti chake, Siajabu mkononi. Mtoto aliijua saa yake. Alianza kwa kunung'unika, akapeleka mkono upande wa nyumba ya Salha, kisha akalia. Katikati ya njia alikuwa amekaa askari mmoja mtu mzima, aliyeletwa kutoka wilaya nyingine ili asiwe na jamaa mtaani, anakula muhogo wa kuchoma. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na nne. Nimezipima mwenyewe.

Ng'ambo ya njia Salha alitoka. Serikali haikuyazuia maziwa, hilo lazima lisemwe kwa haki. Kilio kilipomfikia yalikuja yenyewe, yakalowesha gauni, yakashuka hadi kwenye kanga. Alijishika kifua kwa mikono miwili, na yakapita katikati ya vidole.

"Tunu!" aliita. "Mwimbie! Mwimbie alale!"

Tunu alijaribu. Askari akausogeza mgongo wake kivulini. Salha akabaki pale mlangoni, maziwa yakidondoka mchangani, mpaka mtoto alipochoka kulia.